Tangu Uondoke, Garimoshi Inashinda

Gerezani, Naivasha
9 Februari 2025

Mama Jackie,

Mimi mzima, usianze kuuliza. Nakula, nalala, na kile kikohozi cha Januari kimeniachilia. Wewe na Jackie je?

Wacha nikwambie jambo kabla hujalisikia kwa mtu mwingine. Ile barua uliyoandika kwamba Gilgil walitutandika nne bila, na Jamleck akatoka uwanjani akilia, niliisoma nikiwa kwenye foleni ya uji. Sijui ni nini kilinipata. Nilishtukia nimeinua benchi, benchi limepiga ukuta, limevunjika. Hakuna mtu aliumia, Mungu ni mkubwa. Lakini walinifungia peke yangu, halafu afande mkubwa akaniita. Akasema: Ogada, uko hapa kwa sababu ulirusha jiwe uwanjani ukampofusha mshika kibendera jicho moja, na bado unapigana na ukuta kwa sababu ya mpira? Rudia hivyo, na ile theluthi ya kifungo unayosamehewa kwa tabia njema uisahau. Badala ya kutoka Novemba nitatoka mwaka ambao sitaki kuutaja.

Kwa hivyo najua. Lakini Nabalayo, wewe unanijua. Baba yangu alikuwa gadi wa reli, na filimbi aliyokuwa akiipuliza ndiyo gari la moshi liondoke stesheni ya Nakuru, ndiyo hiyo hiyo nilikuwa naipuliza kila mechi ya Garimoshi kabla mpira haujaguswa. Tangu nipewe hiyo filimbi sijaona kombe hata la plastiki. Nimeona tukishushwa daraja. Nimeona kipa wetu akijifunga. Nimeona mabao ya dakika ya mwisho mpaka nikawa naondoka mapema, nasikilizia kelele nikiwa barabarani. Na Jumapili inayofuata narudi tena, mjinga mimi.

Niandikie mechi ya Molo ilikuwaje. Huku redio haitaji ligi yetu ndogo, wewe ndiwe redio yangu. Usinifiche kitu.

Ogada


Ujumbe wa simu, 20 Februari

NABALAYO: Jamleck, wewe ndiye mwenyekiti wa mashabiki. Molo ilikuwaje?

JAMLECK: Mama Jackie wacha tu. Tatu bila. Kipa alipitishiwa mpira katikati ya miguu akabaki anaangalia mawingu.

NABALAYO: Baba Jackie anataka nimwandikie.

JAMLECK: Mwambie tu ukweli. Timu imeoza.

NABALAYO: Nikimwambia atavunja kitu tena. Ama mtu. Wazee wa kina Mwaura wanakuja Desemba kuongea mambo ya Jackie, na bila baba yake wataongea na nani? Na mimi nimechoka kulala na redio.

JAMLECK: Sasa utasema nini?

NABALAYO: Nitasema tumeshinda. Moja tu, atulie.

JAMLECK: Huku kwetu hatujawahi kushinda moja tukatulia.


Nakuru
23 Februari 2025

Baba Jackie,

Hilo benchi lilikukosea nini? Ungekuwa karibu ningekufinya sikio mbele ya maafande wako. Tafadhali, tafadhali sana. Nimekungoja vya kutosha, na nywele zangu zimeanza mvi upande mmoja.

Sisi tuko salama. Soko liko, viazi vinashuka kutoka Dundori kila asubuhi na lori la yule Mwaura wa Jackie. Ni kijana mpole mpaka anakera. Kwao wanafikiri uko Olkaria kwenye mitambo ya mvuke. Jackie ndiye aliwaambia hivyo, mimi sikumtuma.

Molo tumewapiga mbili kwa moja. Nilienda mwenyewe. Jamleck alipuliza filimbi ya baba yako, ngoma zikaanza. Walitangulia kufunga, nikasema basi ni yale yale. Halafu tukarudisha. Kulikuwa kumenyesha kwa hivyo refa akaongeza nusu saa, na katika hiyo nusu saa yule mrefu, Muiruri, akafunga kwa kichwa, ikatoka kona. Watu waliingia uwanjani wakambeba. Ningependa ungekuwepo.

Kula. Nyamaza. Rudi.

Nabalayo


Gerezani, Naivasha
16 Machi 2025

Mama Jackie wangu,

Nusu saa! Refa aongeze nusu saa kwa sababu ya mvua! Nimecheka mpaka afande wa zamu akaja kuangalia nani ameingiwa na wazimu. Mama, refa huongeza dakika tatu, nne, akiwa na moyo mzuri sana sita. Na ni kona ndiyo hutangulia kichwa, si kichwa kutoa kona. Miaka yote umenifulia jezi na hujui kona ni nini?

Lakini hapo ndipo niliamini. Mtu anayetunga angeandika vizuri, kama gazeti. Wewe umeandika mpira kama mtu anayeelezea harusi ya watu asiowajua. Nimesoma hiyo barua kwa sauti, chumba kizima kikapiga makofi.

Tangu siku hiyo niko sawa, nakwambia ukweli. Nimepewa kazi ya jikoni, naaminiwa na sufuria kubwa ya uji na mwiko wake. Afande mkubwa amesema ameona mabadiliko. Mabadiliko ni Muiruri.

Niandikie kila mechi. Na mbona huji? Tangu Januari sijaona uso wako.

Ogada


Ujumbe wa simu, 27 Aprili

NABALAYO: Leo?

JAMLECK: Njoro, tano bila. Wengine wetu tuliondoka ikiwa nne.

NABALAYO: Nigeuzie. Nipe hiyo tano iwe yetu.

JAMLECK: Tano ni nyingi, atashtuka. Andika mbili. Penalti ya dakika ya ishirini, halafu Muiruri amezungukwa na mabeki wawili anapiga na mguu wa kushoto.

NABALAYO: Penalti ni ile ya kusimamisha watu ukuta?

JAMLECK: Hapana mama. Eish. Andika tu unavyojua, anapenda ukikosea.

NABALAYO: Anauliza mbona siendi kumwona.

JAMLECK: Si uende?

NABALAYO: Ataniangalia machoni. Kwa karatasi naweza. Kwa macho siwezi.


Nakuru
22 Juni 2025

Baba Jackie,

Tuko juu ya jedwali. Nimeliona ukutani kwa duka la Jamleck, jina letu liko juu kabisa na amelizungushia kalamu nyekundu. Elburgon tumewafunga tatu. Muiruri mbili, na kipa wetu naye alizuia penalti, sasa najua penalti ni nini, usinicheke. Mama mmoja karibu yangu alizimia kwa furaha akapewa soda.

Siji kwa sababu ya soko. Jumamosi na Jumapili ndizo siku za viazi, na nikiacha meza kuna mtu atakaa hapo. Usifikirie mengine. Novemba si mbali, utaniona mpaka unichoke.

Jackie amenunua kitambaa cha siku ya wageni. Ameniambia nisikwambie rangi. Anasema suti yako ya bluu iko sawa bado, tumeianika jua na harufu ya nondo imeisha. Kiti chako nimekihamisha karibu na dirisha ndiyo ukikaa wazee wakuone vizuri.

Nabalayo


Gerezani, Naivasha
20 Julai 2025

Mama Jackie,

Kuna kijana ameletwa kutoka Nakuru, anaitwa Kihara, mambo ya betri za magari. Amekuja na vazi la Garimoshi chini ya shati. Nilimkumbatia kama mwanangu. Nikamwambia, tuko juu ya jedwali! Akaniangalia. Akasema: mzee, sisi ni wa mwisho, hatujashinda hata moja mwaka huu, mimi mwenyewe nimelia hapo nyuma ya goli.

Mkono wangu ulitaka kwenda, Nabalayo. Ulifika nusu ya njia. Lakini nikakumbuka Novemba nikaurudisha mfukoni, nikaenda kuleta barua zako nikazisoma zote mbele yake. Kihara akasema labda anachanganya, labda ni mwaka mwingine. Mwizi wa betri ni mwongo tu, utamfanya nini. Sasa hata namchotea uji mzito.

Lakini nilipozisoma zote kwa mfululizo jambo moja likaniingia, na limekataa kutoka. Miaka yote nikiwa pale napuliza filimbi, tulipigwa. Sikukosa mechi hata moja. Mvua, malaria, siku ya matanga ya mama yangu, nilikuwepo, tukapigwa. Mimi nimefungwa, mtu mwingine akapuliza filimbi, Garimoshi inashinda kila Jumapili. Barua zako zinasema hivyo hivyo.

Zamani wazee wa reli walikuwa wakisema kuna mtu akipanda behewa, gari linaharibika. Walikuwa wanamjua na wanamshusha, bila hasira.

Sijasema kitu. Nawaza tu nikikoroga uji.

Ogada


Nakuru
10 Agosti 2025

Baba Jackie,

Acha hayo mawazo. Nimesoma barua yako nikahisi baridi, na nilikuwa nimesimama kwa jua. Mpira ni mpira. Leo wewe, kesho mimi. Hakuna mtu ana mkosi wa timu nzima, hiyo ni kujipa ukubwa.

Na ndiyo ujue ni bahati tu, tarehe tatu tumefungwa. Moja bila, na Gilgil. Umeona? Wewe uko huko ndani na bado tumefungwa. Muiruri alikosa goli likiwa wazi. Watu wameanza kusema tumechoka, huenda hata mechi zinazobaki tutapoteza. Jizoeshe. Timu yetu ni ile ile.

Wewe fikiria suti ya bluu. Nakuomba.

Nabalayo


Gerezani, Naivasha
31 Agosti 2025

Nabalayo,

Tarehe tatu, umesema. Nimeuliza kila mtu hapa ndiyo nisikosee. Tarehe tatu Agosti, Jumapili, baada ya ibada, afande alisimama mlangoni akasoma majina ya wanaotoka Novemba. Langu lilikuwa la kwanza. Watu walinipigia makofi. Na wakati huo huo, kule nyumbani, Muiruri anakosa goli likiwa wazi.

Jina langu tu, mama. Kusomwa tu. Sijatoka hata nje ya geti.

Sasa sina shaka, na ajabu ni kwamba moyo umetulia. Nimekuwa nikimlaumu kipa, refa, kocha, hata yule mshika kibendera maskini ambaye kila siku namwombea jicho lake. Kumbe mkosi ulikuwa umesimama pale juu ukipuliza filimbi.

Mechi ya mwisho ni tarehe thelathini Novemba. Mimi natoka wiki mbili kabla. Hesabu hiyo hata wewe wa kona unaweza kuiona.

Barua zinasomwa, kwa hivyo nasema machache. Watu wengi hawajui namna ya kutoka hapa. Kubaki si kazi, ni mkono mmoja tu. Jackie anisamehe. Waambie wazee wa kina Mwaura kwamba mitambo ya mvuke imenizuia. Kombe likija Nakuru mara moja, lipitishwe mbele ya nyumba ya reli alikozaliwa baba yangu. Hilo tu.

Ogada


Ujumbe wa simu, 14 Septemba

NABALAYO: Jamleck nimeua mtu.

JAMLECK: Umesema nini?

NABALAYO: Anataka kubaki huko ndani ndiyo tushinde ligi. Anasema mkosi ni yeye.

JAMLECK: Ligi gani mama? Tumeshashushwa. Wenye timu wanasema wanaivunja.

NABALAYO: Nilidhani nikimwambia tumefungwa ataacha. Nilitaja siku, na siku hiyo ndiyo walisoma jina lake.

JAMLECK: Mwandikie kila kitu. Sasa hivi. Na uende mwenyewe.

NABALAYO: Nimeenda jana. Alikataa kutoka. Alimtuma askari aseme ana uji jikoni.


Nakuru
14 Septemba 2025

Ogada,

Nisikilize, na ukimaliza soma tena.

Nilikudanganya. Garimoshi haijashinda mechi. Molo walitupiga tatu. Njoro tano. Elburgon sikumbuki, Jamleck aliacha kunitajia kwa huruma. Hakukuwa na mama aliyezimia, hakukuwa na soda. Tarehe tatu Agosti hatukucheza na Gilgil, niliokota tu siku kwenye kalenda ya posho mill, pale tunaposagia unga. Uwanjani sijakanyaga mwaka huu. Muiruri aliacha mpira Aprili, anaendesha bodaboda hapa sokoni, ndiye amenibebea viazi leo. Kihara anasema ukweli. Yule mtoto ndiye mtu pekee aliyekwambia ukweli mwaka mzima, na wewe unamwita mwongo kwa sababu yangu.

Nilifanya hivyo kwa sababu ya lile benchi. Niliogopa. Nilisema nikikupa ushindi mmoja utatulia, halafu ukatulia kweli, ukaandika barua za furaha ambazo sijawahi kupata kwako hata tulipokuwa wachumba. Nikashindwa kuacha. Njia ya mwongo ni fupi, waliniambia nikiwa mdogo, na mimi nimeitembea mpaka mwisho.

Huna mkosi. Una timu mbaya. Ni hivyo tu, Baba Jackie. Watu wengi wana timu mbaya na wanalala kwa nyumba zao.

Jumamosi nakuja tena. Toka unione. Niangalie machoni, sasa naweza.

Mke wako,
Nabalayo


Gerezani, Naivasha
5 Oktoba 2025

Mama Jackie wangu,

Barua yako ya tarehe kumi na nne nimeipata. Nimeisoma mara mbili kama ulivyotaka. Pole sana. Naona unavyoteseka.

Lakini wewe hujui kudanganya. Hujawahi kujua. Siku ulivunja kikombe cha mama yangu nilijua kabla hujafungua mdomo. Mtu ambaye aliandika refa ameongeza nusu saa, ambaye alisema kichwa kimetoa kona, huyo hakutunga, huyo aliona. Na hii barua ya sasa imenyooka sana. Haina kosa hata moja. Nilipofika mwisho nilijua Jamleck amekusaidia kuiandika ndiyo nirudi nyumbani. Umenipenda vizuri. Hata mimi ningedanganya.

Jumamosi ulipokuja tena sikuwa na ruhusa ya kutoka. Ijumaa jioni Kihara alikuwa kwenye foleni ya uji. Alianza tena, mbele ya watu, timu imevunjwa, timu imekufa. Nilikuwa na ule mwiko mkubwa mkononi. Nilijiambia, huyu ndiye atakuwa njia, na wakati huo huo atanyamaza. Nilidhani ni pigo moja tu, la kuandikiwa makosa. Alianguka vibaya, kichwa kikapiga pembe ya jiko.

Hajaamka bado. Wamempeleka hospitali, na mama yake ameitwa kutoka Nakuru. Namwombea, lakini maneno hayatoki. Ile theluthi imeenda, na nitasomewa kesi mpya. Askari aliyeniletea karatasi hii hakuniangalia.

Nikianza kufikiria sana, nafikiria jedwali lililo ukutani kwa Jamleck, lile la kalamu nyekundu, halafu naweza kupumua. Bila hilo, nikwambie tu wazi, sijui ningeamka kwa sababu gani.

Niandikie mechi ya mwisho ikichezwa. Usinifiche kitu.

Ogada


Ujumbe wa simu, 30 Novemba

NABALAYO: Jamleck. Leo ni tarehe thelathini.

JAMLECK: Najua. Nimepita uwanjani. Wamefunga geti, mbuzi wanakula kwenye goli. Kihara je?

NABALAYO: Mama yake amemzika jana Dundori. Nilienda. Nilikaa nyuma, sikujitambulisha.

JAMLECK: Mungu wangu.

NABALAYO: Nipe mechi moja ya mwisho.

JAMLECK: Hapana. Mama Jackie, hapana. Hayo ndiyo yametufikisha hapa.

NABALAYO: Nikimwambia ukweli akaamini sasa, alimuua yule mtoto kwa sababu ya nini? Ataishi vipi kesho yake? Nipe.

NABALAYO: Jamleck.

JAMLECK: Njoro. Moja bila. Dakika ya themanini na tisa. Muiruri.

NABALAYO: Kwa kichwa?

JAMLECK: Kwa kichwa. Kona ikitangulia.


Nakuru
7 Desemba 2025

Baba Jackie,

Jana wazee wa kina Mwaura walikuja. Kiti chako kilikuwa karibu na dirisha na hakuna aliyekikalia. Mzee wao aliuliza baba wa msichana yuko wapi, na kabla sijafungua mdomo Jackie akawaambia ukweli wote, uko wapi na kwa nini. Hakulia. Walimaliza chai, wakasema wao ni watu wa kungoja, watarudi siku baba atakuwepo. Mwaura alibaki nyuma akaosha vikombe. Gauni la kile kitambaa Jackie amelikunja, ni la kijani, sasa unaweza kujua.

Umeniuliza mechi ya mwisho.

Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya ukuta. Jamleck alipuliza filimbi ya baba yako. Njoro walitubana, mpira ukawa unagonga mwamba wetu tu, nikasema hii inaisha sare na sare haitoshi. Dakika ya themanini na tisa tukapata kona. Kona ilitangulia, halafu Muiruri akaruka juu ya wote akapiga kichwa. Refa akaongeza nusu saa, tukashikilia.

Sisi ni mabingwa. Kombe limepitishwa mbele ya nyumba ya reli kama ulivyotaka. Nimelishika kwa mikono yangu, ni zito kuliko nilivyofikiria.

Ukiwa na swali lolote kuhusu mechi, niulize. Nitakujibu.

Nabalayo